Mkono wa Kulia wa Jerop

Mimi ni mashoto. Nakata kitunguu kwa mkono wa kushoto, natia sahihi kwa kushoto, na shuleni nilichapwa mara mbili tatu na mwalimu aliyedhani ni ukaidi. Lakini kazini kwangu, ambako nachora ramani za nyumba kwenye kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni, kipanya nakishika kwa mkono wa kulia. Juzi dada mmoja mgeni pale ofisini alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Chebet, si wewe ni mashoto? Mbona hapo unatumia kulia?"

Nikamwambia ni mazoea tu. Halafu nikashindwa kuendelea na kazi. Nilikaa nikiutazama ule mkono, puani nikasikia harufu ya vumbi la mahindi makavu na ya dawa ya kuchua, nikajua nimerudi nyumbani kwetu Munyaka, pale Eldoret, kwenye ile likizo ndefu ambayo mimi na baba yangu tulikuwa mtu mmoja.

Baba alikuwa fundi wa mashine za shambani. Mahindi yakishakauka, nyumba yetu ilimwona kwa nadra, maana alikuwa akiitwa kila upande, leo Moiben, kesho Moi's Bridge, popote mashine ya kupukuchua mahindi ilipogoma. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na mikono. Angeweza kupitisha kidole mahali ambapo jicho haliwezi kufika, akapapasa kidogo, kisha akakwambia nati gani imelegea. Akirudi jioni alinuka vumbi la magunzi na grisi, na mimi nilikuwa nikiamini hiyo ndiyo harufu ya baba wote duniani.

Msimu ule mashine ilikwama, akaizima, akaingiza mkono. Mtu mwingine hakujua, akaiwasha. Mimi sikuambiwa hivyo wakati ule. Niliambiwa Baba ameumia kidogo. Siku nyingi zilipita ndipo akatoka hospitali, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, vidole vikichungulia mwishoni vimevimba na kuwa vyeusivyeusi. Mkono ulikuwa umeokolewa wote, vidole vyote vitano, lakini mishipa ilikuwa imekatika na kushonwa, na daktari alisema hakuna ajuaye kama vitarudi kukunja.

Baba akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mkono ukiwa umelazwa juu ya mto mapajani kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amshike. Hakuongea. Mama akimuuliza atakula nini, alitikisa kichwa. Wageni wa kanisani walikuja, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda, naye akiwaitikia tu. Mimi nilidhani daktari amemkataza kuongea, kama alivyomkataza kuulowesha ule mkono. Kwa hiyo nami nikawa siongei nikiwa karibu naye, ili nisimtie katika majaribu. Sijui alifikiri nini kuona binti yake wa miaka tisa anapita mbele yake kimya kimya kwa vidole vya miguu.

Ndipo akaja Kimutai, binamu yangu aliyekuwa chuo kikuu. Alikuwa anaenda kufanya kazi ya mafunzo mbali na Eldoret kwa miezi miwili, na hakutaka kuacha kompyuta yake hosteli. Ilikuwa kompyuta ya mezani, nzito, skrini yake ina mgongo mkubwa kama televisheni za zamani. Aliiweka sebuleni juu ya meza ya chakula, akaiwasha kuhakikisha haikuharibika njiani, na katika kuiwasha akanifungulia mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa msichana mwenye upinde anayepita katika nchi iliyojaa majitu na mapango. Ulianza mvua inanyesha, yeye amesimama peke yake barabarani. Kabla ya kuanza, ulikuwa unataka umpe jina.

"Tumuite nani?" Kimutai akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka dirishani. "Jerop."

Mimi na Kimutai tukageuka. Baba hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anatazama ile mvua ya kwenye skrini. Jerop kwetu ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kimutai akaliandika, na mimi nikakimbia jikoni kumwambia Mama kwamba Baba ameruhusiwa kuongea.

Kwa siku mbili alizokaa kwetu, Kimutai alinifundisha jambo kuu la mchezo ule. Nguvu za Jerop hazikuwa zimepangwa tangu mwanzo. Ulizitengeneza mwenyewe. Kila mshale wake ulikuwa na matundu matatu, na kila tundu uliingiza jiwe dogo lenye alama ya kichawi. Kwenye skrini mawe hayo yaliandikwa "rune", nasi tukalisoma neno hilo kwa Kiswahili, ru-ne, na mpaka leo siwezi kulisoma vingine. Ulikuwa unaziokota ukiua majitu. Moja ilitia moto, tukaiita Jiko. Moja iligawa mshale mmoja kuwa tisa, ilikuwa na meno kama uma, ikawa Uma. Ile ya kupunguza mwendo wa adui ikawa Breki. Ya kijani iliyoponya ikawa Jani. Na kulikuwa na moja ndogo, mbaya kwa sura, ambayo kila mshale ukimpata adui ilinyonya tone moja la damu yake na kukurudishia wewe. Hiyo tukaiita Mdomo.

"Hii ni takataka," Kimutai akasema. "Tone moja litakusaidia na nini? Ukipata ingine kama hii, tupa."

Aliondoka asubuhi ya tatu. Mchana wake nilikaa mbele ya kompyuta nikacheza vibaya sana. Mchezo ulitaka mikono miwili, wa kushoto kwenye kibodi kumtembeza Jerop, wa kulia kwenye kipanya kulenga na kupiga. Mimi mashoto, vidole vyangu vilichanganyikiwa vyote. Jerop alikufa mara nne palepale mahali pamoja. Mara ya tano nikasikia kiti kinaburutwa.

Baba akaketi upande wangu wa kushoto. Akauweka mto wake mapajani, mkono mgonjwa juu yake, kisha akanyoosha ule mzima kwenye kibodi.

"Mimi nina wa kushoto," akasema. "Wa kulia hatuna. Leta wako."

Ndivyo tulivyoanza. Yeye alikuwa miguu ya Jerop, mimi macho na mishale yake. Siku za kwanza tulikuwa tukigongana kama watu wawili waliovaa koti moja. Nilipotaka kukimbia yeye alisimama, alipokimbia mimi nilikuwa nimelenga mti. Lakini kufikia mwisho wa juma la kwanza hatukuwa tunaambiana. Nilikuwa nasikia bega lake likisogea kidogo, najua tunaenda kushoto.

Mambo ya rune yeye aliyashika kuliko Kimutai. Kwake ule haukuwa uchawi hata kidogo, ilikuwa mashine. Nilipenda kurundika vitu vikali pamoja, Jiko na Jiko na Uma, kisha nikashangaa nguvu za Jerop zinaisha baada ya mishale miwili.

"Umeweka injini ya lori kwa baiskeli," alisema Baba. "Toa moja. Usitoe mbili. Ukibadilisha vitu viwili mara moja, hutajua gani ilifanya kazi."

Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea mara nyingi, tulichora matundu matatu kwenye daftari langu la hesabu na kubishana. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mpangilio una maana. Jiko likitangulia Uma, mishale yote tisa iliwaka. Uma ikitangulia, ni mmoja tu uliowaka. "Unaona?" akaniambia. "Inasoma kutoka hapa kwenda hapa. Kile kinakuja mbele ndicho kinagawanywa." Alisema hivyo kwa sauti yake ya zamani, ile ya kueleza mtu kwa nini gia yake inalia, na Mama aliyekuwa akipita na sufuria akasimama mlangoni, akamtazama, akaendelea zake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jani lilikuwa limemponya Jerop mara nyingi mbele ya macho yangu. Jeraha linafunga, damu inajaa tena. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba Jerop ni picha. Lakini alama yenyewe, ile ya kwenye jiwe, nilidhani ni kitu cha kweli ambacho waliotengeneza mchezo walikikuta mahali na kukitumia, kama walivyotumia mvua na miti ambayo ipo kweli. Basi alasiri moja Baba akiwa amelala kitini, nikachukua kalamu ya wino ya bluu, nikachora matundu matatu juu ya bendeji yake, na ndani nikaweka Jani, Jani, Uma. Uma mwishoni, ili uponyaji ugawanywe kwa vidole vyote.

Jioni ileile akaja Mama Achieng', jirani yetu na mwenzake Mama katika kikundi cha maombi. Alimshika Baba mkono ili amwombee. Akafungua macho katikati ya sala.

"Mama Chebet, kuja uone. Hii ni nini iko kwa mkono ya mzee?"

Mama akaja. Akaangalia bendeji, akaangalia skrini ambako mawe yaleyale yalikuwa yamejipanga, akaniangalia mimi. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Sauti yake ilishuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

"Chebet, ni wewe umechora?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hizi ni alama za nini?"

"Za kuponya."

Mama Achieng' akavuta pumzi. Hakuwa mwanamke mbaya. Wakati wote Baba alipokuwa hospitali ni yeye aliyenilisha na kunipeleka shule, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Alisema kwa upole kwamba shetani huingia nyumba ambayo tayari ina kidonda. Mama akasema kompyuta itafunikwa shuka mpaka mwenyewe aje aichukue. Nikaanza kulia, si kwa ajili ya mchezo, bali kwa sababu nilijua kwamba sasa wataifuta ile alama na mkono wa Baba utakufa, na nitakuwa mimi niliyeuua.

"Wacheni kwanza," Baba akasema.

Akamgeukia jirani yetu.

"Mama Achieng', huyu mtoto ameomba. Ameomba na kile kitu anajua. Mimi mwenyewe tangu nitoke hosi sijaomba hata siku moja." Akaugeuza mkono taratibu, akaitazama michoro yangu. "Nimeketi hapa nikifikiria vile nitakuwa mtu wa kulishwa. Nikiwa na huyu kwa hiyo meza ndio nasahau. Mkifunika hiyo kitu, mnifunike na mimi."

Sikuwahi kumsikia Baba akisema maneno mengi hivyo juu ya moyo wake, na sikuwahi kumwona Mama akilia mbele ya mgeni. Mama Achieng' ndiye aliyetuokoa. Alivuta kiti akasema, "Basi nionyesheni huyo msichana, nione anafanyanga nini." Tukamwonyesha. Baada ya muda mfupi alikuwa akituambia tuangalie nyuma, kuna kitu kinakuja.

Bendeji ile ilibadilishwa wiki iliyofuata hospitalini. Nilikwenda nao. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mfupi mwenye mikono ya joto, aliuliza michoro ni ya nini, Baba akamwambia ni dawa ya kienyeji ya binti yake. Yule hakucheka. Akaniita, akanionyesha namna ya kumkunja Baba kidole kimoja kimoja, kuhesabu hadi kumi, kuachilia. Alituambia vidole visipokunjwa kila siku vitaganda hivyo milele. Nikaelewa kwamba Baba alikuwa ameambiwa hayo tangu mwanzo na hakuwa ameyafanya, kwa sababu ya maumivu na kwa sababu ya kukata tamaa. Kuanzia siku ile tulikuwa na utaratibu. Pango moja la Jerop, kidole kimoja cha Baba. Nilimkunja akiuma meno, akitokwa jasho juu ya mdomo, na harufu ya dawa ya kuchua ikabaki kwenye mikono yangu hata nikila.

Krismasi nilipelekwa kwa Kogo, nyanya yangu, Moiben, nikakaa wiki nzima. Niliporudi nilikimbilia kompyuta kabla ya kuvua viatu. Jerop alikuwa amebadilika. Alikuwa amepanda ngazi mbili za nguvu, ana viatu vipya, ana Breki nzuri kuliko ile tuliyokuwa nayo.

"Baba, imekuwaje?"

Alijikuna shingo kwa mkono wa kushoto. "Alikua," akasema.

Nikakubali. Mahindi hukua ukiwa umelala, ndama hukua ukiwa shule, kwa nini Jerop asikue? Niliamini hivyo miaka mingi, mpaka nilipokuwa mwanamke mzima na Mama akaniambia, tukichambua mboga, kwamba wiki ile nilipokuwa Moiben Baba alicheza peke yake kila siku kwa mikono yake yote miwili. Kwamba kidole cha shahada kilianza kubonyeza kipanya siku ya pili baada ya mimi kuondoka, na Baba akamwita kutoka uani aje aone. Kwamba niliporudi alimkonyeza Mama anyamaze, akaurudisha ule mkono juu ya mto.

Kwa hiyo sikujua chochote siku tuliyopigana na Mlinzi wa Daraja. Lilikuwa jitu la barafu, na lilikuwa likijiponya haraka kuliko tulivyoweza kuliumiza. Tulikuwa tumeshindwa siku nne. Kimutai alikuwa amepiga simu kwamba atakuja Jumamosi kuchukua kompyuta, shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na hii ilikuwa Ijumaa mchana. Wingu lilikuwa limesimama juu ya mji, na sote tulijua mvua ya mawe ikianza, stima itaondoka.

Baba alikaa akitazama rune zetu kwa muda mrefu.

"Ile ndogo tuliiacha wapi? Ile Mdomo."

"Kimutai alisema ni takataka."

"Ikiwa moja. Sasa weka mbele ya Uma."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Tone moja likitangulia mgawanyo huwa matone tisa. Mdomo, Breki, Uma. Hakukuwa na moto wala radi. Ulikuwa mshale dhaifu kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Lakini ilipotoka ilikuwa tisa, na kila mmoja ulilichelewesha jitu kidogo na kuliibia kidogo, na kila kidogo kilirudi kwa Jerop. Hatukukimbia tena. Baba alimsimamisha Jerop katikati ya daraja, nami nikapiga, nikapiga, mpaka kiganja kikafa ganzi. Mvua ya mawe ikaanza kwenye mabati kwa kishindo ambacho kilizima sauti ya mchezo, na Mama akaja na kitambaa cha sahani mkononi akasimama nyuma yetu. Lile jitu likapiga magoti. Daraja likafunguka. Tuliona upande wa pili kwa muda wa kama pumzi tatu, bonde la kijani lenye mto, kisha stima ikaondoka na skrini ikawa nyeusi.

Mchezo haukuwa umehifadhiwa. Hatukulivuka kamwe daraja lile. Kesho yake Kimutai akaja na kamba, akafunga kompyuta yake, akaenda.

Baba alirudi kazini miezi kadhaa baadaye, kwanza kuelekeza wengine tu, kisha kushika spana mwenyewe. Vidole viwili vya mwisho havikurudi kamwe. Siwezi kusema kwamba mchezo ulimponya. Walimponya waliomshona, na yule mtu mwenye mikono ya joto, na Mama, na sala za Mama Achieng' pia, sizibagui. Ila kwangu mimi ile likizo ilikuwa shule. Kila ninapochora nyumba ikanigomea, nabadilisha kitu kimoja, si viwili.

Juzi, baada ya lile swali la ofisini, nilipitia nyumbani Munyaka. Baba amezeeka sasa. Nilimkuta uani akiota jua. Nikamweleza kwamba najua habari ya Krismasi ile, kwamba Mama aliniambia zamani, na kwamba nimekuja kumshukuru. Nikamwambia ilikuwa jambo kubwa, mzazi kuficha mkono wake mzima ili mtoto asijione hana kazi.

Akanitazama kama mtu aliyepewa kitu cha jirani kwa makosa.

"Haikuwa hivyo, Chebet."

"Ilikuwaje?"

"Ulikuwa na marafiki huko nje wanakuita kila siku. Nilijua ukiona mkono umepona utaenda kucheza na wao." Akaugeuza ule mkono mapajani. "Sikuwa nimefanya kwa sababu yako. Ni mimi sikutaka kubaki peke yangu."

Nilikaa chini kando yake, upande wa kulia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kumhitaji mtoto namna hiyo, na kwamba mtoto huyo alikuwa mimi. Mama akatuita ndani mara mbili, chai inapoa. Tukasema tunakuja, tukabaki.